UZI: Mahamri ya matufaha, mbona nje yameiva na ndani mabichi?

#1 BintiMkomani (Lamu)
Salaam aleikum wapishi. Ndugu yangu aliyeko ughaibuni amenitia hamu na yale maandazi yao ya matufaha, makubwa, yenye vipande vya tunda, mdalasini na sukari iliyoganda juu. Nataka niyaweze kabla Ramadhani haijaingia. Unga naukanda kama wa mahamri: nusu kilo ya ngano, tui zito, sukari, iliki, hamira. Ukiumuka nachanganya matufaha mawili niliyoyakatakata, nakaanga.

Nje yanatoka na rangi ya kupendeza. Ukipasua, kandokando ya kila kipande cha tufaha kuna unga mbichi unaonata, na sahani imelowa mafuta. Mahamri yangu ya kila siku hayana tabia hiyo, na mikono ni hii hii. Tatizo ni tunda, ni moto au ni unga? Naomba nijibiwe na waliopika, si waliosikia.

#2 MamaKarai (Malindi, Maweni)
Waaleikum salaam mwanangu. Ni maji. Tufaha lina maji mengi, na ukilitia bichi, moto ukilishika linayatoa yote. Unga uliolizunguka unageuka uji, na uji hauwi andazi hata ukae karaini mpaka alfajiri.

Menya, kata vipande visivyozidi sentimita moja. Tia kwenye sufuria na kijiko cha siagi, sukari vijiko viwili, mdalasini na ndimu nusu. Moto wa wastani, koroga mpaka maji yakauke na vipande vianze kung'aa. Tandaza kwenye sinia vipoe kabisa ndipo uvitie kwenye unga. Vikiingia na moto wake vinaiua hamira.

#3 FundiWaJikoni (Malindi)
Mama Karai, kuhusu maji sina ubishi, ila dawa yako siikubali. Nimepika miaka mingi kwenye nyumba za Waitaliano hapa Malindi, na wao wana matufaha yao ya kukaanga, frittelle di mele. Hawalipiki tunda kwanza. Wanatoa moyo wa tufaha, wanakata duara za nusu sentimita zenye tundu katikati, wanazinyunyizia sukari na ndimu, wanazikausha kwa kitambaa. Kisha zinachovywa kwenye rojo la unga, yai na maziwa na kutumbukizwa kwenye mafuta. Zikitoka, sukari ya unga juu, mezani.

Tunda linaingia bichi na hakuna unga mbichi unaobaki. Kwa nini? Kwa sababu rojo ni jembamba, moto unalipita mara moja. Dada hapo juu ana donge nene la unga wa hamira. Akonde, yaani donge likonde.

#4 Mla_Futari (Lamu, Langoni)
Mimi sipiki, lakini nipo tayari kuonja ya kambi zote mbili. Nitajieni nyumba tu.

#5 MuamuUghaibuni (Minnesota)
Naona mnazungumzia vitu viwili. Anayoyataka dada ni ya Kimarekani: unga wa hamira unatandazwa, matufaha na mdalasini vinamwagwa juu, unakunjwa, halafu unakatwakatwa kwa kisu ovyo ovyo na kukusanywa tena. Ndiyo maana yana mabonde na vilima, na sukari inatulia kwenye yale mabonde. Anayoyasema Fundi ni ya Ulaya. Waingereza wanayo, na Waholanzi huyakaanga tarehe 31 Desemba kuupokea mwaka.

Kwenye Ya Kimarekani namuunga mkono Mama Karai: maduka mengi huku hutumia matufaha yaliyokwisha kupikwa. Lakini Fundi naye ana haki yake, maana donge hubonyezwa mpaka liwe bapa, unene wa sentimita moja na nusu hivi kabla ya kuumuka mara ya mwisho. Dada, yako unayaacha na unene gani?

#6 BintiMkomani
Muamu, nayafanya mviringo, yanajaa kiganja. Sikuwa najua kuhusu kubonyeza. Mama Karai na Fundi, ahsanteni, leo nayapika matufaha kwanza.

#7 MwalimuWaKemia (Malindi)
Mmegusa tunda, mmegusa unga, na mafuta yenyewe hayajaguswa na mtu. Kitu kikitumbukia kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 180, maji yaliyo karibu na ngozi yake yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Yale mapovu ndiyo mvuke wenyewe, na madhali unatoka, mafuta hayapati njia ya kuingia. Mafuta yakipoa, mvuke unalegea na mlango uko wazi.

Lipo na jambo ambalo wengi hawalijui: sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kuepua. Andazi likianza kupoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, nafasi yake inabaki tupu, na mafuta yaliyoganda juu ya ngozi yanavutwa ndani. Kwa hiyo ukiyarundika kwenye sahani yakiogelea kwenye mafuta yake, unayanywesha. Yaegemeze kwenye wavu au chujio, yasilaliane, na uyatikise yakiwa bado yanachemka.

#8 Mla_Futari
Mwalimu hapo niweke sawa. Andazi bichi ndani na lenye rangi nje ni moto mkali. Andazi lililolowa mafuta ni moto mdogo. Dada ana yote mawili kwenye andazi moja. Moto wake ni upi?

#9 MwalimuWaKemia
Swali zuri kwa mtu asiyepika. Ni yote mawili kwa zamu. Anayatia mafuta yakiwa makali, sukari ya kwenye unga inashika rangi upesi. Kisha karai linajazwa mpaka pomoni, mafuta yanapoa ghafla, na kuanzia hapo andazi linakunywa badala ya kuiva. Rangi ilishapatikana mapema, kwa hiyo anaepua akidhani tayari. Atie machache, na baina ya mkupuo mmoja na mwingine angoje mafuta yarudi kwenye moto wake.

Asiye na kipimajoto atie kipande kidogo cha mkate. Kikipata rangi ya dhahabu baada ya dakika moja hivi, moto uko pale pale panapotakiwa. Kikiungua kabla ya hapo, punguza.

#10 MamaKarai
Mwalimu, mimi nakaangia makaa na vifuu vya nazi. Vifuu vinawaka kwa hasira, hakuna kitufe cha kupunguza. Ninachofanya ni kuvuta makaa pembeni kwa koleo na kumimina mafuta baridi kidogo karaini. Kipimajoto changu ni mti wa mwiko: ukiuzamisha na vipovu vidogo vikazunguka bila kurukaruka, natia. Vikiruka, nangoja. Lakini bado nasema ni maji. Huo moto ninao siku zote, na mahamri yasiyo na tunda hayajanisumbua.

#11 NanaShela (Lamu, Shela)
Wanangu, mumesema yote, hamukusema kuumuka. Hunu ni msimu wa kaskazi. Unga wa hamira hapa Amu hauningoji mimi, ukifunikwa na kitambaa, mato yakigeuka tu umeshapanda yuu ya bakuli. Akiongeza matufaha yenye sukari, hamira inapata chakula kingine. Unga ukipitiliza, ndani yake unakuwa na matundu makubwa na nguvu zimekwisha, ukigusa unanywea. Unga wa namna hiyo ukitiwa mafutani unafyonza, hata mayi ya tufaha yawe hayamo.

Binti, bonyeza kwa kidole. Shimo likirudi polepole, kaanga. Likibaki vile vile, umechelewa, ukande tena.

#12 MuamuUghaibuni
Hili la Nana ni zito. Maelekezo ya huku yanasema uumuke saa moja au saa moja na nusu, lakini jikoni kwetu kuna nyuzi 20, na wakati wa baridi hazifiki. Amu kuna nyuzi 30 na unyevu juu yake. Atakayefuata saa bila kuutazama unga ataharibikiwa.

#13 NahodhaWaMokowe
Mimi nawavusha watu na makasha ya matunda kutoka Mokowe kuja Amu, na niseme kuhusu tunda lenyewe. Matufaha mengi tunayoyapata yanatoka Afrika Kusini, yanashuka bandarini Mombasa, yanapanda lori, Malindi, Garsen, Witu, mpaka jetini. Kule kwao, upande wa Western Cape, mavuno ni kama Februari mpaka Mei. Sasa jiulize, tufaha la mwezi wa Desemba lilichumwa lini? Limekaa miezi kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa hewa ya oksijeni ili lisiive. Mengine yanatoka magumu vizuri, mengine yameshalainika, ukiuma yanavunjika kama unga mkavu.

Hilo lililolainika ukilipika anavyosema Mama Karai linakuwa rojorojo, halibaki kipande. Unapochagua gonga kwa ukucha. Likilia, chukua. Na chukua lile la kijani, Granny Smith la Waingereza, chachu na gumu.

#14 MuamuUghaibuni
Nahodha, Granny Smith si la Waingereza. Mti wake ulijiotea karibu na Sydney, Australia, miaka ya 1860, kwa mama mmoja mkulima aliyeitwa Maria Ann Smith, na likabeba jina lake. Kwa kukaanga hapo uko sahihi kabisa: lina uchachu unaopambana na sukari, na kipande kinabaki kipande. Huku Minnesota tunajivunia Honeycrisp, lilizalishwa na chuo kikuu cha hapa na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Kulila ni raha, juisi inakutiririka kidevuni, na kwa sababu hiyo hiyo silitii kwenye karai.

#15 NahodhaWaMokowe
Sawa, Australia. Na likifika Mokowe bado linalia ukiligonga.

#16 MtuWaBara (Nairobi)
Habari za Pwani. Mandazi yangu ya matufaha hayanipi shida hata siku moja. Situmii hamira, natumia bekingi pauda, maziwa ya ng'ombe, yai, na tufaha nalikwangua kwenye kikwaruzo badala ya kulikata. Nakamua juisi yake kwa mkono, naitumia kupunguza maziwa. Ndani yanaiva sawasawa. Nadhani tui ndilo linalowaponza: lina mafuta yake, na unga wenye mafuta mengi huvuta mengine.

#17 Mla_Futari
Mandazi bila tui na bila iliki. Pole ndugu yangu, karibu Lamu tukulishe.

#18 MamaKarai
Tui haliguswi katika uzi huu. Hapo kwenye tui tutagombana.

#19 MwalimuWaKemia
MtuWaBara ana hoja, tusimfukuze kwa ajili ya tui. Mafuta ndani ya unga huzidisha kiasi cha mafuta unayofyonza. Ila Mama Karai naye atasema mahamri yake yana tui hilo hilo na hayalowi, na atakuwa amesema kweli. Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 na mvuke unaanza mapema. Sisi tuko ufukweni, maji yetu yanachemka kwenye 100. Kipimo cha bekingi pauda kinachomfaa yeye huenda kwetu kikawa pungufu. Kukwangua na kukamua nakupenda, nitakujaribu.

#20 FundiWaJikoni
Ukikwangua umelipoteza tunda. Unakula andazi lenye harufu ya tufaha, basi. Mtu anataka akiuma akutane na kipande kimelainika, chachu kidogo, ndani ya unga mtamu.

#21 BintiMkomani
Nimerudi na matokeo. Nimepika matufaha kwanza, nimetumia ya kijani, nimeyapoza kwenye sinia. Ule ute kandokando ya tunda umepungua sana, Mama Karai Mungu akuzidishie. Nusu ya unga nimeubonyeza kama alivyosema Muamu, nusu nimeacha mviringo. Bapa yameiva mpaka katikati. Ya mviringo bado yana moyo mbichi, ingawa tunda lilikuwa lile lile lililopikwa.

Mafuta kwenye sahani yamepungua kwa yote mawili. Na limezuka jambo jipya: kwenye yale bapa, vipande vilivyochomoza nje vinadondoka mafutani, vinaungua, na mkupuo wa pili wote unatoka na madoa meusi na uchungu.

#22 FundiWaJikoni
Mnaona? Unene.

#23 MamaKarai
Ninachokiona ni maji yamepungua na ute umepungua.

#24 MwalimuWaKemia
Nami nauliza ametia mangapi kwa mara moja safari hii.

#25 BintiMkomani
Mwalimu, nimetia matatu matatu. Zamani nilikuwa najaza karai.

#26 MwalimuWaKemia
Haya basi.

#27 NanaShela
Na unga ameungoja muda gani? Binti hajasema.

#28 BintiMkomani
Nana, umenishika. Leo nilikaanga mapema, kabla ya adhuhuri, joto halijapanda. Sasa sijui nimshukuru nani.

#29 MkulimaWaGede
Samahani kuingilia, nyinyi mnasumbuka na tunda la kusafirishwa na mnayo mengine shambani. Embe bichi lililoanza kupata rangi kidogo tu, bado gumu, lina uchachu wa kutosha na halimwagi maji kama tufaha. Mimi nakata embe epo, yaani "apple", likiwa hivyo, natia mdalasini, nakaanga na unga wa mahamri. Na aina hiyo ya embe epo wakulima wenzangu wanaihesabu kuwa ni ya hapa hapa, chimbuko lake ni upande wa Malindi.

#30 Mla_Futari
Kwa hiyo nikipika embe epo nitakuwa nimepika mahamri ya epo. Kazi imekwisha, tufunge uzi.

#31 NanaShela
Na tofaa zetu je, zile nyekundu za mtofaa wa uani? Wajukuu wangu walizitia kwenye unga. Ni mayi matupu na harufu ya marashi, zikipikwa zinasinyaa hazibaki na kitu. Zile zioshwe zitiwe chumvi zilwe kivulini. Bibo la mkorosho nalo linakaba koo, mutaliacha.

#32 MkulimaWaGede
Bibo ukilichemsha na chumvi kidogo ukamwaga maji, ule ukakasi unapungua Nana. Lakini nakubali, kwa karai embe linalishinda.

#33 MuamuUghaibuni
Kuhusu ugomvi wa kupika tunda kwanza au kulitia bichi, niliwahi kusoma mapishi ya wapishi wa Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza, yaliyoandikwa karibu mwaka 1390. Matufaha ya kukaanga yamo humo. Yanachemshwa nusu kwanza, kisha yanachovywa kwenye rojo la unga, mayai, hamira, zafarani na pombe yao, halafu yanakaangwa na kuliwa na maziwa ya lozi. Kwa hiyo Mama Karai ana wenzake wa zaidi ya miaka 600.

#34 MamaKarai
Ahsante mwanangu. Pombe tunawaachia, zafarani na lozi tunachukua.

#35 FundiWaJikoni
Na mimi naona wamechovya kwenye rojo. Hawakutia kwenye donge. Mfalme yuko upande wangu vile vile.

#36 NahodhaWaMokowe
Turudi kwa vipande vinavyodondoka, hilo ndilo linalomkwamisha dada sasa. Mke wangu anapofanya visheti vya kujaza hupaka unga mkavu kidogo. Vipande vya tufaha vikishapoa, virushie kijiko cha unga kabla ya kuvitia, vitashika.

#37 MuamuUghaibuni
Ndivyo wanavyofanya hata huku. Na baada ya kubonyeza donge, vile vilivyochomoza juu visukumwe ndani kwa kidole. Kitakachobaki nje kitaungua tu, sukari yake haivumilii mafuta.

#38 NanaShela
Mama yangu alikaangia mafuta ya uta, ya ufuta, na kila mkupuo ulipotoka alipitisha chujio karaini kuokota vilivyobaki tini. Hamuna chujio nyumbani? Mafuta yakiwa safi hata mkupuo wa mwisho ni mzuri.

#39 BintiMkomani
Chujio ninalo Nana, nitapitisha. Swali langu jingine: ile sukari ya juu. Nimekoroga sukari ya unga na maziwa kidogo, nikapaka yakiwa vuguvugu. Iling'aa vizuri. Kufika magharibi ilikuwa imeyeyuka yote imeshuka kwenye sahani, maandazi yamelowana upya, safari hii kwa sukari.

#40 MuamuUghaibuni
Huku inakauka ndani ya dakika chache na inapasuka ukiuma. Hewa ya ndani ni kavu mno wakati wa baridi.

#41 MwalimuWaKemia
Sukari huvuta unyevu wa hewani, na wa Lamu hauishi. Usipake mpaka dakika ya kula.

#42 MamaKarai
Achana na sukari ya unga. Pika shira kama ya kaimati: vikombe viwili vya sukari, kimoja cha maji, iliki na ndimu. Ichemke mpaka ukiishika baina ya vidole viwili inavuta uzi. Tumbukiza maandazi yakiwa ya moto, geuza mara moja, toa. Hiyo inashika, wala haijali kaskazi.

#43 FundiWaJikoni
Shira juu ya tufaha lililopikwa na sukari, ndani ya unga wenye sukari? Mama, hapo tunda halitasikika. Nyunyiza mdalasini na sukari ya kawaida, punje zake ni kubwa, haziyeyuki upesi.

#44 MamaKarai
Ndimu nimeiweka ya nini Fundi? Kamua nzima.

#45 Mla_Futari
Dada, ukipika tena Jumamosi nusu yatie shira ya Mama Karai, nusu sukari na mdalasini wa Fundi. Mimi niko Langoni, na Nahodha akivuka na yale ya kijani mwambie akuletee mapya.

#46 NahodhaWaMokowe
Kasha linashuka Ijumaa asubuhi. Nitakugongea mwenyewe moja moja.